Nyumba Moja, Majina Matatu: Uchambuzi wa Jina la Ukoo Mkwawa

Binti mmoja wa Iringa, anayesoma mwaka wa kwanza chuoni Mbeya, alinijia nyumbani wakati wa likizo akiwa na bahasha ya nyaraka za familia yake. Alikuwa amezipeleka katika ofisi moja ya umma ili kuthibitisha kwamba marehemu baba yake na baba yake mkubwa ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa baba mkubwa ndiye anayemlea na ndiye aliyetakiwa kutia saini kwa niaba yake. Karani alizipanga karatasi tatu mezani, akazitazama, kisha akamwambia kwamba kwa maandishi yale watu hawa hawaonekani kuwa wa nyumba moja. Cheti cha kuzaliwa cha binti kilikuwa na jina la mwisho Mkwawa. Cheti cha baba yake cha kumaliza elimu ya msingi kiliandikwa Mkwava. Hati ya shamba ya baba mkubwa iliandikwa Mwamuyinga, na karani, ambaye kwa lafudhi yake binti alimtambua kuwa mtu wa Rungwe, aliliangalia jina hilo la tatu kwa furaha na kuuliza kama huyo mzee ni wa Tukuyu.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nimekuwa nikizisaidia familia za hapa kuandika miti ya koo zao kabla wazee hawajaondoka. Kwa sababu hiyo shangazi wa binti ndiye aliyemwelekeza kwangu. Binti hakutaka tu kusaidiwa kuandika kiapo. Alitaka kujua jina lake limetoka wapi, lina maana gani, na kwa nini tangu shule ya msingi hadi chuo hajawahi kusoma darasa moja na mtu mwingine mwenye jina hilo, ilhali kila Mtanzania aliyesoma historia ya darasani analifahamu. Maswali haya matatu yana jibu moja lililofichama katika zile karatasi tatu, na ndiyo maana nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa ukamilifu.

Tuanze na mwenye jina. Mtawala wa Wahehe aliyezaliwa Luhota karibu na mwaka 1855, akawashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kujiua tarehe 19 Julai 1898 badala ya kukamatwa, jina lake kamili ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Tulisome jina hilo taratibu, kwa sababu kila sehemu yake ina kazi yake. Mkwavinyika ni jina lake mwenyewe, tena si la kuzaliwa nalo, kwani simulizi humtaja kwa jina la utotoni Ndesalasi. Mkwavinyika ni jina la sifa alilolipata ukubwani, lenye maana ya mtu atwaaye nchi nyingi. Munyigumba ni baba yake, mtawala aliyeziunganisha jamii nyingi ndogo za nyanda hizi kuwa dola moja, na aliyefariki mwaka 1879. Mwamuyinga ni ukoo. Mkwava ni ufupisho wa lile jina refu la sifa, kama sisi tunavyomkatia mtu jina ili tumwite kwa wepesi.

Hapa tayari tunaona jambo ambalo karani wa Mbeya hakuwa na njia ya kulijua. Mkwawa si jina la ukoo kwa asili yake. Ni jina la mtu mmoja, tena nusu ya jina lake, tena lile alilolistahili kwa matendo yake mwenyewe. Baba yake hakuwa Mkwawa. Ndugu yake Mpangile, ambaye Wajerumani walimsimika kuwa mtawala mwishoni mwa mwaka 1896 na kumnyonga miezi michache baadaye, hakuwa Mkwawa. Wote walikuwa watu wa Muyinga.

Na Muyinga ni nani? Simulizi ya Wahehe inasema kwamba mwindaji aliyeitwa Mufwimi alifika katika nchi ya Nguluhe, akapokelewa na mtawala wa huko, Mwamududa, na akazaa na binti wa mtawala huyo aliyeitwa Semududa. Mufwimi aliuawa na nyati kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto alikuwa wa kiume, akaitwa Muyinga, na alipokua akaurithi utawala wa babu yake mzaa mama, hivyo ukoo mpya ukaanzia kwake. Msomaji atazame majina ya baba na binti katika simulizi hii: Mwamududa na Semududa. Shina ni moja, Mududa. Kiambishi cha mwanamume ni Mwa-, na cha mwanamke ni Se-. Kwa kanuni hiyo mwanamume wa nyumba ya Muyinga ni Mwamuyinga, na binti wa nyumba hiyo ni Semuyinga. Nilipomweleza hivyo binti, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba bibi yake mzaa baba alikuwa akimwita hivyo, naye alidhani ni jina la utani.

Kwa hiyo furaha ya yule karani ilikuwa na msingi, ingawa hitimisho lake halikuwa sahihi. Kiambishi Mwa- kimeenea mno katika majina ya Wanyakyusa, kiasi kwamba mtu wa Mbeya akisikia jina linaloanza hivyo humpeleka mwenyewe moja kwa moja Rungwe, Busokelo au Kyela. Lakini kiambishi hicho si mali ya Wanyakyusa peke yao. Wangonde wa Karonga nchini Malawi, ambao ni jamaa zao wa karibu, wanacho. Na hata mbali kabisa na huku kwetu, Wadigo na Wataita wa Kenya wana majina mengi ya namna hiyo. Mtu akitaka kujua kabila kwa kutazama herufi tatu za mwanzo wa jina, atapotea mara nyingi. Inafaa atazame shina linalofuata baada ya kiambishi, kwa maana hapo ndipo babu mwenyewe anapotajwa.

Sasa tuje kwenye tofauti ya herufi moja, yaani Mkwava na Mkwawa, ambayo kwa ofisi ilionekana kama kosa la baba wa binti au la mwalimu wake wa shule ya msingi. Kwa maoni yangu, aliyeandika Mkwava ndiye aliyekuwa karibu zaidi na midomo ya Wahehe. Katika Kihehe sauti iliyomo katika jina hilo ni ya v, nayo inasikika wazi katika jina refu, Mkwavinyika. Wajerumani, katika maandishi yao ya miaka ya 1890, waliandika mara nyingi Quawa. Kwa mtu asomaye Kijerumani, herufi w hutamkwa v, na qu hutamkwa kama kv. Kwa hiyo Mjerumani aliyeandika Quawa alisikia kitu kinachokaribiana sana na Kwava, na aliandika alichokisikia kwa kanuni za lugha yake. Lakini herufi zile zilipobaki karatasini na kuangukia mikononi mwa wasomaji wa Kiingereza na Kiswahili, ambao kwao w ni w, jina likabadilika sauti bila mtu yeyote kukusudia kulibadilisha. Mwaka 1919 tahajia ya Mkwawa iliingia katika Mkataba wa Versailles, ambao katika kifungu cha 246 uliitaka Ujerumani kulirudisha fuvu la mtawala huyo. Na fuvu lilipokabidhiwa hatimaye Kalenga tarehe 19 Juni 1954 na Gavana Edward Twining, tahajia hiyo ilikuwa imekwisha kuwa ya dunia nzima.

Hili halikulipata jina hilo peke yake, na nadhani ni vema watu wa Iringa walijue ili wasiwacheke wazee wanaotamka tofauti. Mji wenyewe unaitwa Iringa kutokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome, na ngome iliyokusudiwa ilikuwa ile ya Kalenga iliyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Sauti ya l katikati ya neno ikawa r, ya mwanzo ikapotea, na jina la ngome ya Mhehe likahamia na kuwa la mji wa Mjerumani. Jina la kabila nalo linaelezwa kuwa limetokana na ukelele wa vita, hee, hee, ambao waliokuwa wakishambuliwa waliusikia na kuwaita nao waliowashambulia. Jina la mji, la watu na la mtawala, yote matatu yamefika kwetu yakiwa yamepitia masikio ya wengine.

Swali zito zaidi lilikuwa la tatu, la uchache wa wenye jina, na ili kulijibu ni lazima kwanza tuulize: jina la mtu mmoja lilipataje kuwa jina la ukoo? Jibu liko katika utaratibu wetu wa kujaza fomu, na nilimwonyesha binti kwa kuandika vizazi vitatu kwenye karatasi.

Mtawala alipofariki mwaka 1898, miongoni mwa watoto wake alikuwamo Sapi. Waingereza walipoanzisha utawala wa kupitia machifu, walimrejesha Sapi kwenye kiti mwaka 1926, naye katika maandishi ya wakati ule akajulikana kwa mtindo wa pwani uliokuwa umeenea serikalini, yaani Sapi bin Mkwawa. Maana yake ni wazi: huyu ni Sapi, na baba yake ni Mkwawa. Mwaka 1940 alirithiwa na mwanawe Adam, aliyezaliwa mwaka 1920, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote katika historia ya nchi hii. Yeye aliitwa Adam Sapi Mkwawa. Hapa jina limefuata utaratibu tunaoufahamu sote: jina lako, jina la baba yako, jina la babu yako. Kufikia kizazi hicho bado Mkwawa si ukoo, bali ni babu.

Lakini kizazi kilichofuata kilifika mahali ambapo lazima jambo moja kati ya mawili litokee. Kama utaratibu wa majina matatu ungeendelea kufuatwa kwa ukamilifu, mtoto wa Adam angeitwa jina lake, kisha Adam, kisha Sapi, na jina Mkwawa lingedondoka kama yanavyodondoka majina ya mababu wa wengi wetu. Halikudondoka. Mwanawe aliyemrithi uchifu alijulikana kama Abdul Adam Sapi Mkwawa, majina manne, na lile la nne halikuwa tena la babu, bali lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa alama ya nyumba. Hapo ndipo jina la ukoo lilipozaliwa, kati ya kizazi cha tatu na cha nne, nalo halina umri unaofikia miaka mia moja.

Tulinganishe na mtawala mwenyewe. Babu yake aliitwa Kilonge. Kama angejaza fomu za leo kwa utaratibu wa majina matatu, angekuwa Mkwavinyika Munyigumba Kilonge, na neno Muyinga lisingeonekana kabisa. Yeye alitajwa kwa ukoo kwa sababu katika dunia yake ukoo ndio uliokuwa na uzito wa kumtambulisha mtu: ndio ulioonyesha mwiko wa chakula, na ndio ulioonyesha nani haoleki. Nafasi ya tatu katika jina lake ilishikwa na babu wa mbali aliyeanzisha nyumba. Nafasi ya tatu katika jina la mjukuu wake ilishikwa na babu wa karibu aliyekuwa maarufu. Karatasi haikuitambua tofauti hiyo, kwa kuwa sanduku ni lile lile na lina maneno yale yale, jina la mwisho.

Ukishaelewa hivyo, uchache wa wenye jina hili hauwi fumbo tena. Watu wengi hufikiri kwamba jina adimu ni dalili ya ukoo uliopungua, kwa vita au kwa maradhi au kwa kukosa watoto wa kiume. Katika kisa hiki si hivyo. Mkwawa alikuwa na wake wengi, na uzao wake, pamoja na uzao wa ndugu zake, ni mkubwa. Waliobeba jina lake ni wachache kwa sababu lilishikiliwa katika baadhi ya nyumba tu, na limeanza kurithishwa juzi juzi.

Nilimfanyia binti hesabu ya mfano, ambayo naiweka hapa kwa tahadhari kwamba ni mfano na si takwimu. Chukua mwanamume mmoja aliyezaliwa mwaka 1920 na ambaye jina lake la mwisho linaanza kurithishwa. Tuseme kila mwanamume wa nyumba hiyo ana watoto sita, wavulana watatu na wasichana watatu, na kwamba watoto huchukua jina la baba. Kizazi cha kwanza kina watu 6, cha pili 18, cha tatu 54. Jumla ni 78 katika muda wa takriban miaka tisini. Sasa chukua jina lililoanza kurithishwa kwa namna hiyo hiyo vizazi vinane vilivyopita: kizazi cha nane peke yake kingekuwa na watu 13,122. Hiyo ndiyo tofauti ya jina changa na jina kongwe, hata kama nyumba zote mbili zina rutuba sawa. Ndiyo maana ukitembea kuanzia Makambako hadi Mbeya mjini hukosi duka la Sanga, jina kongwe la Wakinga wa Makete ambalo limekuwa la ukoo kwa vizazi vingi na limesambaa na biashara zao nchi nzima, lakini unaweza kumaliza safari nzima usikutane na Mkwawa isipokuwa kwenye kibao cha barabara.

Kuwahesabu wenye jina kwa uhakika ni kazi nyingine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao 1,192,728 walikuwa mkoani Iringa, lakini sensa haichapishi majina ya koo. Kabila lenyewe halijaulizwa katika sensa ya nchi hii tangu ile ya mwaka 1967, kwa uamuzi ambao mimi nauona ulikuwa wa busara kwa taifa lililokuwa likijijenga. Kwa hiyo ramani ya jina inabaki mikononi mwa familia zenyewe, kwa kuuliza nyumba hadi nyumba, na hapo ni lazima tahadhari mbili zishikwe. Ya kwanza, si kila aitwaye Mkwawa ni wa uzao wake, kwani wapo wazazi huwapa watoto majina ya mashujaa kwa heshima tu, na mtoto huyo akizaa, jina la heshima linaweza kuwa jina la mwisho la wajukuu. Ya pili ni kinyume chake, nayo ndiyo iliyoigusa nyumba ya binti: wapo wa ukoo ule ule wasiolibeba jina hilo hata kidogo. Anayehesabu wenye jina hahesabu uzao, na anayehesabu uzao hahesabu wenye jina.

Tukarudi kwenye karatasi tatu. Kwa nini ndugu wawili wa tumbo moja waandikwe tofauti? Shangazi, ambaye ni mkubwa kwao wote na ambaye alikuja siku ya pili akiwa ametandwa kitenge cha kutokea, alieleza bila kusita. Mkubwa kati ya ndugu hao wawili aliandikishwa na babu, mtu wa mila, na babu alipoulizwa ukoo alitaja ukoo: Mwamuyinga. Baba wa binti aliandikishwa shule na mjomba, ambaye alitaja jina ambalo kila mtu kijijini aliitambua nalo nyumba ile, na mwalimu, akiwa Mhehe, aliliandika kama alivyolisikia: Mkwava. Binti alipozaliwa hospitalini, muuguzi aliliandika kama alivyolijua kutoka vitabuni: Mkwawa. Hakuna hata mmoja kati ya watatu aliyedanganya au aliyekosea. Kila mmoja alijibu swali tofauti, ilhali fomu ilidhani imeuliza swali moja.

Niliandaa maelezo ya ukurasa mmoja yenye mti wa vizazi vitano, na shangazi akaapa mbele ya wakili kwamba marehemu mdogo wake na kaka yake ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja, na kwamba Mkwava na Mkwawa ni jina moja kwa tahajia mbili. Kuhusu Mwamuyinga, wakili alipendekeza baba mkubwa abadilishe hati ya shamba ili wote wafanane. Nilipinga, na shangazi akapinga kwa ukali kunizidi. Kuliondoa jina hilo kwenye hati ili kuiridhisha karatasi nyingine kungekuwa kuliondoa jina la ukoo na kubaki na jina la mtu. Kiapo kikaandikwa kwamba mzee huyo hutambulika kwa ukoo wake, na wadogo zake kwa jina la babu wa nyumba yao, na majina yote mawili ni ya nyumba moja. Ofisi iliyokataa mwanzo ilipokea.

Baba mkubwa mwenyewe nilimtembelea baadaye shambani kwake. Ni mtu mpole, anayelima viazi na kufuga ng'ombe wawili wa maziwa. Nilimuuliza kama alisikitika wadogo zake walipoanza kujiita Mkwawa. Alisema hapana, kwa sababu yule mzee alistahili kukumbukwa, lakini akaongeza kwamba wakati watu walipomwimbia nyimbo za sifa hawakumwimbia Mkwawa peke yake, walimtaja na baba zake, na fomu haina nafasi ya baba zake wote. Mwezi uliofuata alipata mjukuu wa kiume. Alikwenda mwenyewe kumwandikisha, akasimama dirishani mpaka alipohakikisha herufi zote zimekaa sawa, na mtoto akaandikwa Mwamuyinga. Katika nyumba hiyo, Mkwawa limebaki kwa watu wawili, binti na kaka yake, na kwa desturi yetu binti hatawarithisha watoto wake.